Studio ya nyumbani Nyanda za Juu Kusini: sauti ikitoka mbaya, tafuta chanzo kabla ya kununua kitu

Wengi wanaorekodi nyumbani Mbeya, Iringa na Njombe wana vifaa vinavyofanana: kompyuta mpakato ya mtumba, kadi ya sauti yenye tundu moja au mawili ya maiki, maiki ya kondensa ya bei ya chini, hedifoni, na chumba cha tofali za kuchoma chenye sakafu ya simenti na bati juu. Kwa vifaa hivyo mtu anaweza kutoa wimbo ukapigwa redioni bila aibu. Kinachotukwamisha ni kwamba sauti ikitoka mbaya, lawama ya kwanza inaiangukia maiki. Hela iliyokuwa ya mbao na mablanketi inaondoka kununua maiki ya bei kubwa zaidi, nayo inanasa ubaya uleule.

Mpangilio ninaouamini ni huu: chumba kwanza, umeme pili, kisha mkao wa maiki, vifaa mwisho. Hapa chini kila sehemu inaanza na dalili unayoisikia, kisha chanzo chake, kisha tiba ya bei ndogo iwezekanayo.

Kabla ya yote, fanya jaribio moja. Weka gaini (kirungu cha kadi kinachokuza sauti ya maiki) pale unapoiweka ukiimba, nyamaza, rekodi kimya cha chumba kwa nusu dakika, halafu kisikilize kwa hedifoni ukiwa umepandisha sauti. Hapo utasikia mvumo wa umeme, feni ya kompyuta, mbwa wa jirani na lori linalopanda kilima. Kisha ukumbuke njia inayopitiwa na sauti: mdomo, hewa ya chumba, maiki, waya, kadi, kompyuta, programu, hedifoni. Tatizo liko mahali pamoja kwenye njia hiyo. Badilisha kitu kimoja, rekodi tena, sikiliza. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na sauti ikapona, hutajua kipi kilichoponya, na ikirudi kuugua utaanza upya.

Kuna mvumo wa "mmmm" hata kabla mtu hajaimba

Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake unasikika kwenye Hz 50, na mara nyingi kwenye 100 na 150 pia. Ni mzito, hautikisiki, hauna mapigo.

Chomoa chaja ya kompyuta, rekodi ukitumia betri. Mvumo ukikata papo hapo, maiki yako haina kosa. Chanzo ni chaja yenyewe, au ni ethi mbili (nyaya za usalama zinazokwenda ardhini) zinazokutana: kompyuta imechomekwa kwenye soketi ya ukuta huu, spika kwenye soketi ya ukuta ule, na waya wa sauti unaziunganisha katikati. Mkondo mdogo unazunguka kwenye duara hilo na unasikika. Tiba ya kwanza haina gharama: chomeka kompyuta, kadi na spika kwenye ekstensheni moja nzuri inayotoka soketi moja. Ikishindikana, rekodi voko (sauti ya mwimbaji) kwa betri na uchaji wakati wa mapumziko.

Kuna ushauri unaozunguka mitaani wa kukata pini ya ethi au kuifunga kwa gundi ya umeme ili mvumo uishe. Usifanye hivyo, na usimruhusu mtu akufanyie. Pini ile ndiyo inayomlinda mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma au nyuzi za gitaa siku kifaa kikivujisha umeme. Ukigusa mwili wa kompyuta au gitaa ukahisi mtetemo vidoleni, inawezekana ethi ya nyumba haifanyi kazi au haipo kabisa. Acha kurekodi, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aipime. Gharama hiyo ni ya studio kama ilivyo ya maiki.

Mvumo ukiendelea hata kwa betri, fuata waya wa maiki kwa macho. Kama umelala sambamba na waya wa umeme, watenganishe. Ikibidi wakutane, wavuke msalaba na sio kulala pamoja. Kisha tikisa waya pale unapoingia kwenye plagi. Ukisikia mkwaruzo au mvumo ukija na kuondoka, kiungo cha ndani kimeachia. Fundi redio yeyote mwenye pasi ya kulehemu risasi anakitengeneza haraka, ilimradi umsisitize kwamba waya wa nje, ule uliosukwa, urudi kwenye pini namba 1.

Gitaa la umeme lina mvumo wake. Zunguka nalo chumbani ukiwa umeshika nyuzi. Kuna pembe ambayo mvumo unapungua sana. Imbia na pigia hapo. Zima taa yenye swichi ya kupunguza mwanga, na jaribu kubadilisha balbu kama mlio ni mkali wa "zzzz" kuliko mvumo.

Mlio wa "ta-ta-ta, trrr" unaotangulia simu kuita hautokani na umeme wa nyumba. Ni simu yenyewe ikiongea na mnara. Simu zote ziwekwe kwenye hali ya ndege au zitoke chumbani, ya mwimbaji na ya rafiki zake waliokuja kumsindikiza.

Sauti iko kama imerekodiwa darasani

Hii ndiyo dalili inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, kisha nyamaza. Sikiliza kinachofuata baada ya kofi. Chumba cha tofali na simenti kinajibu kwa mlio mfupi wa "trrring", kama springi ya chuma imeguswa. Hiyo ni sauti ikigonga ukuta na ukuta unaoutazama, ikirudi na kwenda hadi ichoke. Hamia kona, piga tena. Sogea karibu na kabati la nguo, piga tena. Utaona palipo na nguo mlio unakufa mapema. Kila silabi ya mwimbaji inapata mlio huo nyuma yake, na ukishaurekodi hakuna programu itakayoutoa bila kuikwangua voko.

Trei za mayai hazitibu. Ni nyembamba, zinagusa kidogo tu sauti za juu kabisa na kuiacha ile ya kati, ambayo ndiyo inayofanya voko iwe ya darasani. Tena ni karatasi kavu: cheche moja ya soketi mbovu inatosha kuwasha ukuta mzima. Kuta zenye trei zinapendeza kwenye picha, ila piga kofi uzisikilize.

Kinachonyonya sauti ni unene na unyuzinyuzi. Hesabu yake inakaribia hivi: kitu kinyonyaji kinafanya kazi vizuri kuanzia sauti ambayo robo ya wimbi lake inaingia kwenye unene wake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. Paneli ya sentimita 10 iliyobanana na ukuta inaanza kusaidia vizuri karibu na Hz 860. Paneli hiyohiyo ukiisogeza sentimita 10 kutoka ukutani, kina kinakuwa 20, na inashuka hadi karibu Hz 430. Umepata zaidi bila kuongeza hata shilingi. Blanketi jembamba lililopigiliwa misumari ukutani linapata juu tu. Lining'inize mbali kidogo na ukuta, likiwa limekunjwa mara mbili au tatu na lina mikunjo, ndipo linajitahidi.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya mbao. Mufindi, Mafinga na Makambako zinatoa mbao za misonobari kwa wingi, na vipande vinavyobaki kwa maseremala vinatosha fremu. Mwambie seremala akukatie fremu ya sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10. Ndani jaza nguo za mitumba ambazo hazikuuzika: majaketi ya sufu, mablanketi, masweta mazito. Zikunje tu, usizishindilie hadi ziwe ngumu kama ubao. Funika kwa kitambaa. Namna ya kuchagua kitambaa sokoni Mwanjelwa au popote ulipo: kiweke mdomoni, puliza. Pumzi ikipita, sauti itapita. Ikirudi usoni kwako, kirudishe kwa mwenye duka.

Usijaze maranda wala pumba za mpunga, hata kama zinatolewa bure. Panya watazaana humo, vumbi litaingia kwenye maiki na vifuani mwenu, na moto ukianza hauzimiki.

Fremu nne zinatosha kuanzia, ukijua pa kuziweka. Maiki nyingi za kondensa za studio zinasikia mbele na kupuuza nyuma. Kwa hiyo ukuta ulio mgongoni mwa mwimbaji ndio maiki inaoutazama. Sauti inapita mabegani mwake, inagonga ukuta huo, inarudi moja kwa moja kwenye maiki. Watu huzungushia maiki kigao cha sponji kwa nyuma na kuacha mgongo wa mwimbaji wazi, wakati hatari iko mgongoni. Weka fremu mbili nyuma ya mwimbaji zikiwa zimepinda kama herufi V, moja kila upande, na kama hakuna dari ning'iniza blanketi zito juu ya kichwa chake. Msimamishe mbali na ukuta, ila asiwe katikati kabisa ya chumba. Umbali wa mdomo na maiki uwe shibiri moja, kama sentimita 20.

Kama hata fremu nne hazijawezekana mwezi huu, simamisha godoro la sponji nyuma ya mwimbaji, usiku ulale juu yake. Linafanya kazi kweli.

Mvua imeanza, kwaheri kipindi cha kurekodi

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inaweza kugeuza chumba cha bati kuwa ngoma. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kunyonya sauti ni kuzuia mwangwi wa ndani. Kuzuia sauti ni kukataza ya nje isiingie. Nguo na sponji zinafanya la kwanza. La pili linahitaji uzito na kuziba mianya: dari ya bodi nzito, mlango mzito, raba pembezoni mwa fremu ya mlango. Dari ya jipsamu yenye blanketi au nguo zilizotandazwa juu yake hupunguza mvua ya rasharasha. Mvua kubwa ya Februari haizuiliki kwa bajeti yetu, na anayekuuzia sponji kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Kwa hiyo panga ratiba. Mvua nyingi za huku hunyesha mchana na jioni. Asubuhi mara nyingi inabaki kavu, basi ipe voko asubuhi. Wakati inanyesha, tengeneza biti, kata na kusafisha, miksi kwa hedifoni, pigia kinanda kilichoingia kwa waya. Mwimbaji akiwa amesafiri kutoka Tukuyu au Chimala na hana siku nyingine, tumia maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme, kama zile za jukwaani), mdomo uwe karibu vidole vinne, gaini ishuke. Mvua itabaki, lakini chini sana ya sauti yake.

Bati lina kelele yake hata kukiwa kukavu. Jua la mchana linalitanua, baridi ya jioni inalibana, nalo linagonga "ta! ta!" bila mpangilio. Mtu akisikia mlio huo kwenye rekodi hudhani ni waya mbovu. Subiri saa moja au mbili baada ya jua kuzama, litatulia.

Ngurumo za malori ya barabara kuu ya kwenda Tunduma na mashine ya kusaga ya jirani ni sauti za chini. Weka kichujio cha kukata chini kwenye voko, Hz 80 kwa mwanaume, 100 au zaidi kidogo kwa mwanamke. Ukirekodi besi wa kwaya, shuka hadi 60 au 70, kwa sababu noti zake za chini zinafika Hz 80 na pungufu.

Sauti inapasuka, au iko mbali na ina "shhhh"

Magonjwa mawili ya gaini. Mwambie mwimbaji aimbe kiitikio kwa nguvu zake zote, sio kuhesabu "moja mbili", kwa sababu atakaporekodi atapanda zaidi. Vilele viguse kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya sauti ya programu. Rekodi kwa biti 24 (kwenye mpangilio wa programu huandikwa "24-bit"). Ukifanya hivyo huna sababu ya kubanana na sifuri. Sauti iliyopasukia kwenye kadi haishonwi.

Kama umepandisha gaini hadi mwisho na bado sauti ni ndogo yenye mchirizi, angalia mambo haya kwa zamu: mwimbaji yuko mbali, maiki imegeuzwa mgongo (kondensa nyingi huimbiwa ubavuni upande wenye nembo, na sio kichwani), au unatumia dainamiki nzito kwenye kadi yenye nguvu ndogo.

Maiki ya kondensa haisikiki kabisa

Inahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya wa maiki wenyewe. Bonyeza kitufe cha 48V kwenye kadi, subiri sekunde chache. Usichomeke wala kuchomoa waya kikiwa kimewashwa.

Zile kondensa zinazouzwa na waya wenye pini ndogo ya milimita 3.5 zimewaumiza wengi. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta zinapata volti chache tu. Zinasikika, ila kwa unyonge na mchirizi mwingi. Kabla hujaitupa, itafutie kisanduku cha volti 48 au kadi ya sauti yenye tundu la pini tatu, na ununue waya wa pini tatu pande zote mbili. Maiki nyingi zilizohukumiwa kuwa mbovu zinafufuka hapo.

Herufi P na B zinapiga kama upepo, S inachoma

Nyosha hanga ya waya iwe duara, ivishe soksi ndefu ya nailoni tabaka mbili, iweke sentimita 7 hivi mbele ya maiki. Kisha geuza maiki kidogo ili mdomo uelekee pembeni yake. Kugeuza huko kunatibu S pia, kwa sababu hewa ya meno inapita kando.

Mwimbaji analalamika anajisikia kwa kuchelewa

Kompyuta inapokea sauti kwa mafungu yanayoitwa bafa. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 ni karibu milisekunde 3, ya 512 ni karibu 12, ya 1,024 ni 23. Na hiyo ni safari ya kwenda tu. Sauti inaingia na kutoka, kwa hiyo iongeze mara mbili, na kadi ina yake ya ziada. Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa milisekunde 30 anaburuza mapigo, na utamlaumu bure kwamba hana mdundo.

Kadi nyingi zina kitufe au kirungu cha kusikiliza moja kwa moja, ambacho kinampa sauti yake kabla haijaingia kwenye kompyuta. Washa hicho, zima usikilizaji ndani ya programu, tatizo linaisha hata kwa kompyuta ya zamani. Kama kadi haina, tumia dereva ya ASIO (programu ndogo inayounganisha kadi na kompyuta kwa kuchelewa kidogo) ya kampuni iliyoitengeneza, au ASIO4ALL kama haina yake, na ushushe bafa hadi 128 wakati wa kurekodi. Ukifika kumiksi, pandisha hadi 1,024 ili kompyuta ipumue.

Kuna "tk tk" na sauti inakatika

Hapa kompyuta imezidiwa. Pandisha bafa ngazi moja. Zima Wi-Fi, funga kivinjari, weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, zima athari nzito ulizorundika kwenye biti. Njia nzuri ni kutoa biti nzima iwe faili moja ya WAV, ufungue mradi mpya wenye faili hiyo na voko tu. Kadi iingie moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta, sio kupitia kigawanyio. Kompyuta za mtumba huwa zimejaa vumbi kwenye feni; zikipata joto zinapunguza kasi zenyewe. Fundi aifungue aisafishe, utapata utulivu na feni isiyounguruma.

Programu sio lazima iwe ya bei. Audacity ni ya bure na inatosha kurekodi na kukata. REAPER inaruhusu kujaribu kwa siku 60 na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Programu ya wizi yenye virusi hukatisha sauti, na hukatisha kazi yote siku isipofunguka.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, betri ya kompyuta ndiyo mkombozi wako, kwa hiyo ile iliyokufa ibadilishe kabla ya kununua spika. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, na kila kazi iwe na nakala kwenye diski ya nje.

Asubuhi ya Juni maiki inakwaruza na mwimbaji hafiki noti zake

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Makete na Njombe ni kali zaidi. Maiki ya kondensa ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye chumba chenye watu na pumzi, unyevu unatanda kwenye utando wake, na unasikia mkwaruzo wa "kr-kr". Iache ndani ya mfuko wake nusu saa ifikie joto la chumba, ndipo uitoe. Ihifadhi kwenye boksi linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Gitaa nalo lisubiri, halafu litunwe upya kila baada ya wimbo.

Lakini la muhimu kuliko maiki ni hili. Chumba kimezibwa kwa mablanketi na raba mlangoni ili sauti isitoke. Baridi imeshika. Mtu analeta jiko la mkaa. Msiruhusu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha studio ndicho kimezibwa kuliko chumba chochote cha nyumba. Kichwa kinauma, mnasinzia, mnadhani ni uchovu wa usiku, na hamwamki. Pasheni mwili nje, nyweni chai, vaeni masweta, fungueni mlango kila mnapomaliza wimbo. Hakuna rekodi inayostahili roho ya mtu.

Kwaya inasikika nyembamba na sauti hazilingani

Mwalimu wa kwaya akija na watu kumi na wawili, usiwabane kwenye chumba cha mita tatu. Hamisha kompyuta na kadi hadi kanisani siku ya kawaida: ukumbi mkubwa wenye mabenchi ya mbao unazipa sauti nafasi, na mwangwi wake ni wa kwaya. Maiki moja, waimbaji wasimame nusu duara umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, wenye sauti kali warudi hatua moja nyuma, wenye sauti laini wasogee mbele. Rekebisha kwa miguu yao, sio kwa gaini.

Ukiweka maiki mbili na sauti ikawa nyembamba, ni kwa sababu sauti moja inazifikia kwa nyakati tofauti na sehemu zake zinafutana. Tofauti ya sentimita 30 tu inafuta eneo la Hz 570, katikati kabisa ya uimbaji. Nyamazisha maiki moja: voko ikinenepa badala ya kupungua, umeipata. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na waimbaji wake.

Miksi ni tamu studio, ikipigwa kwenye bajaji besi imepotea

Chumba cha mita tatu kwa tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Kila jozi ya kuta inakuza sauti ya Hz 57, na kwa kuwa pande zinalingana, inakuzwa maradufu. Hapo ndipo noti ya A ya chini ya gitaa la besi inapokaa, Hz 55. Unaisikia imefurika, unaipunguza, na nje ya chumba chako inakuwa haipo. Kwingine ndani ya chumba hichohicho, hasa katikati, inatoweka, na unaiongeza hadi spika za mwenzako zikohoe.

Piga kinanda noti za chini moja moja ukiwa umekaa kitini pako. Zile zinazovimba na zile zinazomezwa, ziandike kwenye karatasi na uibandike mezani. Kisha sogeza kiti: acha katikati ya chumba, kaa karibu theluthi moja na kidogo kutoka ukuta wa mbele, na spika zitazame urefu wa chumba kama kina upande mrefu. Godoro nene kwenye kila kona ya nyuma husaidia kuliko paneli nzuri iliyo katikati ya ukuta. Maamuzi ya besi yafanye kwa hedifoni, kwa sababu hedifoni hazina kona.

Spika ndogo ya simu au ya bajaji haitoi chochote cha maana chini ya Hz 150. Besi iliyojengwa kwa Hz 50 peke yake haitasikika humo hata uipandishe namna gani. Iongezee ukwaruzo kidogo wa juu, ili sikio lipate Hz 200 na 300 na lijue besi ipo. Kisha pigisha wimbo wa msanii unayemwamini kando ya wako kwa sauti inayolingana, kwenye spika ileile, ndipo uguse kirungu chochote.

Mwisho bonyeza mono (kulia na kushoto vichanganywe kuwa sauti moja). Voko ikizama au kinanda kikitoweka, ulikipanua kwa athari inayogeuza upande mmoja kinyume cha mwingine. Itoe athari hiyo, weka kulia na kushoto rekodi mbili tofauti zilizoimbwa au kupigwa kweli mara mbili.